Bwawa Lako Tumelitoboa

Puma,
S.L.P. Singida,
12 Mei, 1953.

Mdogo wangu mpendwa Alute,

Shikamoo yako imenifikia pamoja na blanketi la mama. Marahaba sana. Hujambo huko kwenye mkonge? Kile kidole kilichochomwa na mwiba kimepona? Sisi tu wazima, ila miguu ya mama ndiyo inayomsumbua. Blanketi hataki kujifunika, amelifungia sandukuni. Anasema ni la wageni.

Mtama mwaka huu umekubali. Yule ndama wako mwenye baka amekuwa mkaidi kama mwenyewe.

Sasa kaa chini. Umeuliza habari za bwawa lako. Tumelitoboa.

Usinune kabla hujamaliza kusoma. Najua ulivyojivunia tuta lile, hata Bwana Shamba alikuja kulipiga picha. Lakini tangu ulipoziba korongo, maji hayakushuka tena kwa mama mdogo Esta. Visima vyao vya mchangani vilikauka, ng'ombe wake akawapeleka kwa watu. Hakugombana nasi, aliacha tu kuja. Misimu miwili mama alikuwa akiitazama njia ya kwa mdogo wake bila kusema neno, na ukimya wa mama unaujua. Uliniuma sana, Alute.

Basi kabla ya mvua mama akapika pombe, akawaita wale wale uliowaita wewe. Walijenga kwa pombe yako, wakabomoa kwa pombe yake, na shemeji yako Manase alilewa mara zote mbili. Hatukubomoa lote. Tumefungua katikati na kupanga mawe kando, na dimbwi la ndama limebaki. Mvua zilipokuja, maji yalipita mpaka kule chini.

Juzi mama mdogo akaja, amejitwika mtungi. Maji, Alute, kwenye nyumba yenye bwawa! Akachota kwa kata, akampa mama. Mama akanywa yote, akasema, "Ni matamu. Mwandikieni Alute kwamba nimeyanywa."

Kisha akanituma sandukuni nikalete blanketi.

Hana na Paskali wanakusalimu sana. Nawe tusalimie Idrissa na wenzako wote wa kambini. Mungu akulinde na miiba, akurudishe ungali na vidole vyote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,
Kristina