Sharbati ya Kombe

Jumamosi, 15 Novemba 1997

Mvua tena. Nimelisugua kombe kwa ndimu na majivu kama kila Jumamosi, mke wangu Zena akinisimamia kama nyapara. Kombe la mpira la mitaa hulala kwetu, katikati ya vikombe vyake vya kahawa. Mtaa wetu wa Kibokoni ndio mabingwa, na kabati la vioo linalofungika ni letu peke yake. Nimejitazama ndani ya kombe. Pua kubwa. Bado mzuri.

Sefu, kaka yake Zena, amepita. Yeye ni wa mtaa wa Majengo, damu, na Majengo hawajalitwaa kombe hata mara moja. Kaingia, kaliamkia kombe kwanza, kisha mimi.

Jumanne, 18 Novemba

Msiba. Majengo wameshinda nusu fainali. Jumapili wanatukuta sisi.

Shemeji kanitafuta mpaka Ndia Kuu, kanikuta dukani kwa fundi viatu, kaniongelesha mbele za watu. "Mwaka huu nakunywa mimi, shemeji. Wewe utameza mate."

Ana haki ya kuota. Mtaa ukishinda, kombe hujazwa sharbati. Linapita mdomo kwa mdomo, wazee kwanza, mpaka mtoto wa kutambaa. Walioshindwa husimama kando, wakitazama na kuimbiwa. Sefu ametazama maisha yake yote. Mimi hunywa polepole, nimemkazia macho. Hata dada yake hunywa, maana ameolewa Kibokoni. Hilo ndilo humuuma zaidi.

Nimemjibu: kiu umeshaizoea, usije ukaiacha ghafula ukadhurika.

Fundi viatu kacheka hadi kajigonga kidole.

Alhamisi, 20 Novemba

Kipindupindu kimeingia mjini. Mvua imefurisha vyoo. Soko la Mwembe Tayari wamekataza kuuza matunda yaliyokatwa. Bwana afya anazunguka na kipaza sauti, hasikiki neno ila "chemsheni".

Zena anachemsha kila kitu, hata maji yangu ya kusukutulia. Nimeungua ulimi. Mpira upo, wanasema. Kipa wetu kaumia kidole. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Jumamosi, 22 Novemba

Majengo hawana haya. Wameanza kutengeneza sharbati leo, mechi kesho. Sefu ndiye muonjaji. Kaniita nikaone pipa. Sukari, waridi, iliki, na maji ya kisima cha uani kwake. Wazee wote tunajua maji ya bomba huua harufu ya waridi. Kwetu pia tunatumia ya kisima.

Kaonja mbele yangu. Kaonja tena. "Bado kidogo," kasema, kachota nyingine. Hakunipa hata tone. Nimemcheka njia nzima.

Jumapili, 23 Novemba

Fainali imevunjwa. Timu zimeshavaa, mwamuzi kashika filimbi, bwana afya kaingia uwanjani na askari. Mikusanyiko marufuku. Mashindano yote basi, hakuna siku nyingine. Watu wamezomea, kisha wametawanyika.

Sefu sikumuona. Nikadhani kaogopa kipigo. Nilikuwa na maneno matatu manne matamu nimemuwekea.

Jioni mwanawe kaja. Babake yuko hospitali tangu alfajiri. Tumbo na kutapika, hata kusimama hawezi.

Pipa. Nimekumbuka pipa.

Naogopa.

Jumatatu, 24 Novemba

Hatukuruhusiwa kuingia. Anatiwa maji ya mshipa. Pipa limemwagwa, kisima kimefungwa. Alhamdulillahi walikuwa hawajagawa.

Zena amekaa amelikabili kabati.

Vijana wa Kibokoni wamekuja barazani na ngoma. Hakuna fainali, kwa hivyo sisi bado mabingwa, tulitoe kombe tunywe. Nimewafukuza kwa bakora. Wameduwaa. Na mimi nimeduwaa.

Alhamisi, 27 Novemba

Sefu karudi kwake. Macho yamezama, mikono kama miti ya mshikaki. Hajapona sawasawa. Daktari kaagiza anywe maji yenye sukari na chumvi, kutwa nzima, la sivyo atarudishwa. Hataki. Mkewe kalia, wanawe wamebembeleza. Anafunga mdomo kama mtoto. Anasema yana ladha ya machozi.

Nimemtania. Hakujibu. Sefu, hakujibu.

Zena kaniuliza njiani: "Utamwacha vivi hivi?"

Ijumaa, 28 Novemba

Baada ya sala nimetoa kombe. Tumelichemsha lote ndani ya sufuria ya pilau, lilikuwa linagonga kama mtu anayetaka kutoka. Zena kalijaza maji yaliyochemshwa, kapima sukari na chumvi. Nimelifunika kwa kanga yake, nimekatiza vichochoro mpaka Majengo kama mwizi wa kuku. Kibokoni wakijua, sina pa kukaa.

Nimelifunua mbele yake. Sefu kalitazama.

"Nani kashinda?"

"Wewe. Uwanjani hukuja, lakini kipindupindu kilichokukamia umekifunga. Kunywa."

Kainuka mwenyewe, kashika masikio yote mawili ya kombe. Nami nikarudi nyuma, nikasimama kando, mlangoni, kwani ndiyo desturi. Kanywa polepole, kanikazia macho juu ya ukingo. Mkewe alitaka kuimba, kilio kikamtangulia.

Nimemeza mate. Kwa hiari yangu.

Kalimaliza.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua imepumzika. Nimelisugua kombe kwa ndimu na majivu. Zena hakunisimamia leo, alikuwa jikoni anaimba.

Mwanawe Sefu kaleta salamu. Babake kakojoa vizuri, kala uji, kamtukana jirani. Bilauri bado haitaki, analitaka kombe. Na tutie iliki, anasema, jana ilikosekana.

Maji yapo jikoni yanachemka.