Meli Kweli Ilipunguza Mwendo

Athi River,
Machakos.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Munyao,

Pokea salamu zangu popote barua hii itakapokukuta. U mzima? Kile kikohozi cha chumba cha injini kimekuachia? Sisi tu wazima. Mama yuko Ndithini, magoti yanamsumbua lakini shambani haachi kwenda. Mbaazi zimezaa vizuri.

Kaka, nimeshindwa kupiga simu kwa sababu mdomo huu ndio uliokutukana.

Uliponiambia hutafika kwenye ntheo ya binti yangu Wavinya, siku ya wakwe kuleta mbuzi wa posa, kwamba mmeamriwa kupunguza mwendo kuokoa mafuta na mtachelewa kufika Mombasa siku sita, nilicheka. Nikakujibu, "Kwani meli ni punda ichoke njiani? Sema tu hutaki kuja." Nikakata simu. Kisha wakwe walipoleta mbuzi wao na kuuliza mjomba wa msichana yuko wapi, nikawaambia mbele ya watu wote kwamba umetudanganya. Kiti chako cha mjomba nikampa binamu Mulwa. Mama aliinamisha kichwa.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita vitambaa viliisha kiwandani kwetu, mashine za kushona zikalala. Pauline, msimamizi wetu, akatusomea barua ya wenye meli inayotuletea vitambaa hivyo. Ilisema mwendo ukipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi tu, mafuta ya safari nzima hupungua karibu sehemu moja ya tano, ijapokuwa siku za baharini zinaongezeka. Moshi unaochafua hewa nao hupungua vivyo hivyo. Ni yale yale uliyonieleza! Niliona aibu nikatoka nje, wenzangu wakadhani naumwa.

Jumamosi nilienda kumweleza Mama. Nilitarajia anikemee. Aliendelea kuchambua mbaazi, halafu akaniuliza, "Mutheu, hiyo karatasi ya kampuni uliiamini siku ile ile. Na huyu mtoto wa mama yako, ulitaka akuletee nini ndio umwamini?"

Nikaketi nikachambua naye. Watu nisiowajua niliwaamini mara moja, na wewe tuliyenyonya nawe ziwa moja nikakuita mwongo.

Wakwe nimewapigia, nimekiri kosa langu. Wavinya ananijibu kwa mkato. Amesema hataingia kanisani kufunga ndoa bila mjomba wake, na sina haki ya kumbishia.

Mulwa anakusalimu sana, anasema kile kiti kilimchoma siku nzima. Shangazi Mbula na Mama pia wanakusalimu. Mungu akulinde huko chini kwenye injini.

Sikuombi uje kwa ajili yangu, kaka. Njoo kwa ajili ya Wavinya. Tarehe ya harusi hatutaiweka mpaka ushuke Mombasa, hata meli ikitambaa.

Dada yako akupendaye, ingawa hukuliona pendo hilo siku ile,
Mutheu