Mama Mkwe na Mpasuaji wa Jumla

Shoga, nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo.

Mama mkwe kalazwa hospitalini kwetu, mfuko wa nyongo umejaa mawe. Kaniuliza mbele ya manesi: "Mwanangu, unapasua nini hasa?"

Nikasema mimi mpasuaji wa jumla.

"Jumla? Kama duka? Niitie anayejua nyongo tu."

Nyongo, shoga. Ninazozitoa kila wiki.

Bosi akadakia: "Usihofu mama, mwakani huyu anakwenda nje kubobea kwenye nyongo, miaka miwili."

Nilishamkatalia safari hiyo, unajua.

Mama kanishika mkono. "Basi anipasue mkwe wangu."

Nikasema ndiyo. Ndiyo, mimi.

Sasa mama kashamwambia mwanawe, na mume wangu kaandika: "Eti unasafiri miaka miwili? Mimi ningeambiwa lini?"

Nikimwambia ukweli atampigia mama, naye atakataa nisimpasue. Na mama yuko kitandani mlangoni mwa chumba cha upasuaji, simu mkononi, ananisubiri.