Vigelegele vya Upande wa Pili wa Mabati

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Mpanda, Mkoa wa Rukwa
Tarehe 21 Oktoba 1997, asubuhi

Jina: Nestori Bukuru
Umri: miaka 38
Kabila: Mrundi
Dini: Mkatoliki
Elimu: darasa la nne
Kazi: kibarua
Makazi: Mishamo. Kwa sasa nalala chumba cha uani, nyumba aliyopanga Bwana Cletus Mwanisawa, Majengo, Mpanda mjini.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwamba nilizaliwa Bururi, Burundi, nikaletwa nchi hii mwaka 1972 nikiwa mtoto. Mke wangu na watoto wako Mishamo, wanalima mahindi na maharage. Kibali changu cha kutoka makazi ya wakimbizi kimekwisha tangu mwezi wa nane na sijakwenda kukiongeza. Nasema hilo mwanzo ili mtu mwingine asije akalisema badala yangu. Kabla ya kazi hii nilipasua mbao Ugalla, halafu nikafyatua matofali hapa mjini. Mgongo ulipokataa, Bwana Cletus akanichukua.

Bwana Cletus hakai katika nyumba ile. Mwenye nyumba yuko Tabora. Cletus ameipanga, na yeye anaikodisha kwa watu wenye sherehe: harusi, ubatizo, kipaimara, hata watu wanaosherehekea gari jipya. Kazi yangu ni kufunga turubai, kuteka maji, kuwasha jenereta na kukaa getini. Sherehe zikiwa nyingi, Jumamosi inaungana na Jumapili, na mimi silali. Majirani nao hawalali.

Jirani wa karibu ni Mzee Gaspar Kazumba, Mpimbwe, mkulima wa mpunga. Anaishi na mke wake Mama Eufrazia na mdogo wake Yohani, aliyekuwa mchimba visima. Hao walikuja kulalamika tangu mwezi wa tano. Mwanzo walikuja kwa upole. Mzee Gaspar alimwambia Cletus kwamba spika zinatikisa masufuria yake kwenye kichanja. Cletus akamjibu kwamba masufuria yanayotikisika ni matupu, ayajaze. Wageni walicheka. Mimi pia nilicheka.

Mwezi wa saba balozi wa nyumba kumi aliwaita pande zote. Nilikwenda kwa sababu nilibeba viti. Mama Eufrazia alisema kuku wake wameacha kutaga. Cletus akauliza kama kuku hao wamekuja wenyewe kutoa ushahidi. Balozi alishindwa kuzuia kicheko, na kikao kikaishia hapo. Wiki ile Cletus akaondoa uzio wa matete, akaweka mabati marefu. Tangu siku hiyo tukiwa uani hatukuonana na watu wa upande ule, tukawa tunasikiana tu.

Hapa naomba niandikwe vizuri, kwa sababu jambo lote limekaa hapa. Baada ya mabati, Mama Eufrazia akatafuta namna yake ya kujibu. Msema sherehe akishika kipaza sauti, mama yule alisimama nyuma ya mabati akapiga kigelegele. Kirefu, chembamba, cha kukejeli. Akimaliza husema kwa sauti, "Na mimi nimealikwa." Msema sherehe wetu, kijana anaitwa Maiko, aliona ni mchezo mzuri. Akawa anawaambia wanawake wa sherehe, "Mama wa jirani ameanza, mjibuni." Nao wanajibu vigelegele, kama desturi, kwa sababu kigelegele hakiachwi peke yake. Mama akirudia, wanarudia. Wageni waliokuja mara ya pili walikuwa wanamsubiri. Cletus alinunua spika nyingine, lakini kile kigelegele kiliweza kupenya.

Cletus aliniamuru pia kwamba mtu yeyote wa upande ule akija getini nisifungue. Alisema, "Wewe ni bawaba, Nestori. Bawaba haiulizi anayebisha ni nani." Nilishika amri hiyo.

Mnamo tarehe 19 Oktoba 1997, siku ya Jumapili, kulikuwa na sherehe ya kipaimara. Wageni walianza kuingia baada ya misa. Mtaa mzima ulikuwa umealikwa, isipokuwa nyumba ya Mzee Gaspar. Nilifunga turubai kubwa kwa kamba nne za katani, ndefu, ambazo Cletus alizileta siku hiyo. Jenereta lilikuwa nyuma ya jiko.

Asubuhi, nikiteka maji bombani, nilikutana na Yohani. Alikuwa amebeba jembe fupi na ndoo ya kamba. Tulifahamiana kwa sababu sote ni watu wa udongo. Nilimwuliza kama hata Jumapili hapumziki. Akasema kisima cha nyumbani kimekauka, kiangazi kimekuwa kikali, anakwenda kutoa tope afuate maji chini. Akanitania, "Nyie leo mnakula pilau, sisi tunakula tope. Nibakizie mfupa, Mrundi." Nikamwambia nitamrushia juu ya mabati. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Ilipofika kama saa tisa alasiri, Maiko alikuwa anawataja watoto waliopata kipaimara, mmoja mmoja, na wazazi wanatoka kucheza. Nilikuwa getini. Nikasikia kile kigelegele cha upande wa pili. Maiko naye alikisikia. Akasema kwenye kipaza sauti, "Haya, mama yetu ameamka, mjibuni." Wanawake wakajibu. Kigelegele kikarudi. Wakajibu tena, wakacheka, wengine wakasogea hadi kwenye mabati, wakawa wanapigia pale pale. Sikuhesabu ni mara ngapi. Iliendelea kwa wimbo mzima na mwingine tena. Nakumbuka niliwaza kwamba leo mama ana nguvu.

Sikuitambua ile sauti. Kwetu tuna induru, sauti ya kuita watu kwenye hatari, na mtu akiisikia huacha hata chakula akakimbia. Ninaijua tangu utotoni, niliisikia mwaka ule tulipotoka Burundi. Lakini siku ile nilikuwa na jina tayari la sauti ya Mama Eufrazia, na nikaisikia kwa jina hilo.

Baadaye geti lilipigwa kwa nguvu. Nikachungulia kwenye tundu la bati. Nikamwona Mzee Gaspar, hana shati, ana tope hadi magotini, ana panga mkononi. Alikuwa anasema kitu, lakini spika zilikuwa nyuma yangu. Nilisikia neno moja tu, "watu". Nikaogopa. Niliona panga na nikasikia watu, nikaunganisha mwenyewe. Sikufungua. Niliegemeza mgongo wangu kwenye geti.

Alisukuma mara mbili, komeo likang'oka kwenye nguzo, nami nikaanguka. Mzee Gaspar alinipita. Hakunigusa wala hakunitukana. Wageni walipoona panga walikimbilia nyuma, viti vikaanguka. Cletus alikuwa karibu na jiko na alisimama mbele yake. Niliinuka nikawafuata, kwa hiyo nilikuwa karibu na nikaona. Mzee Gaspar alimsukuma Cletus begani kwa mkono wa kushoto, mkono mtupu. Panga aliliinua mara moja tu. Lilishuka kwenye waya unaotoka kwenye jenereta, zikatoka cheche, waya ukakatika. Baada ya hapo alilitupa panga chini. Hakumwinulia Cletus wala mtu mwingine.

Spika zikanyamaza. Jenereta lilikuwa linaendelea kunguruma, nikalizima mimi mwenyewe.

Kimya kilipoingia, ile sauti ya upande wa pili ikaendelea. Hapo ndipo kila mtu aliisikia. Haikuwa kigelegele. Ilikuwa imekwisha kukauka, inatoka vipande vipande, na katikati yake kulikuwa na jina la Yohani. Wanawake waliokuwa kwenye mabati walikuwa bado wameweka viganja mdomoni. Mmoja alikaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya sherehe.

Mzee Gaspar alisema, "Kamba. Na wanaume."

Kamba zilizokuwepo ni zile za turubai. Nilizifungua bila kumwuliza mtu. Turubai lilianguka juu ya meza za chakula, na Cletus alipiga kelele kwamba nimemharibia. Hilo ni kweli, nililiangusha mimi, si Mzee Gaspar. Kama ni kosa liandikwe kwangu.

Tuliingia uani kwa Mzee Gaspar, wanaume wengi. Nilichokiona ni hiki. Ukuta wa kisima ulikuwa umemomonyoka ndani. Yohani alikuwa chini, amefukiwa. Alikuwa amejifunga kamba kiunoni kama wafanyavyo wachimbaji, na upande wa juu wa kamba hiyo ulikuwa umezungushwa mara moja kwenye kisiki na kushikwa na Mama Eufrazia. Alikuwa amekaa, miguu ameikaza kwenye kisiki, kamba imemkata viganja vyote viwili. Kumbe muda wote ule hakuweza kuja getini. Angeiachia, udongo ungemvuta Yohani chini zaidi. Alichobaki nacho ni mdomo.

Mzee Gaspar yeye alikuwa amekwenda ng'ambo ya reli kukata miti ya kuegemeza kuta za kisima. Ndiyo maana alikuwa na panga. Aliporudi akakuta hali hiyo, akashuka kidogo, akashindwa peke yake, akakimbilia mahali palipokuwa na watu.

Tulifunga kamba za turubai, tukashuka kwa zamu, tukatoa udongo kwa ndoo na kwa masufuria ya sherehe. Maiko alishuka na suruali yake nyeupe, na hakutaka kupokewa zamu. Lakini ukuta ulikuwa umeanguka mara ya pili kabla hatujafika. Tulimtoa Yohani jua likizama. Alikuwa amekwisha kufa. Mdomo wake ulikuwa na udongo.

Askari walikuja tukiwa bado pale, kwa sababu Cletus alikuwa ametuma mtu kuripoti kwamba amevamiwa na mtu mwenye panga. Mzee Gaspar alichukuliwa kabla marehemu hajaoshwa. Sisemi askari walikosea, walikuja kwa habari waliyopewa. Jana Jumatatu Yohani alizikwa. Udongo wa kwanza unatupwa na ndugu wa karibu. Padre alisubiri kidogo, watu wakatazamana, mwisho Mama Eufrazia akautupa kwa mikono iliyofungwa vitambaa.

Jana jioni Bwana Cletus aliniita. Alisema mimi ndiye shahidi wake, nije niseme kwamba Gaspar alivunja geti kwa nia ya kumwua na kwamba alimkosa kwa panga likakata waya. Akasema, "Kumbuka nani anakulaza, na ukumbuke kibali chako kimelala siku ngapi." Nilichukua blanketi langu, nikatoka. Si kwamba nilikuwa na ujasiri, nilikuwa nimechoka. Nilichukua blanketi langu, nikatoka.

Nilikwenda msibani, wanaume wanalala nje kwenye moto. Nilidhani nitafukuzwa, kwa sababu mimi ndiye niliyeegemea geti. Mama Eufrazia aliniona, akaniambia nikae. Nikamweleza habari ya geti. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulisikia mwenyewe, nimelisikia kwake, na naomba liandikwe hivyo hivyo. Alisema Yohani alipokuwa bado anaongea kule chini, alisikia vigelegele vyetu. Akauliza, "Shemeji, wamekuja?" Naye akamwambia, "Wamekuja, wengi. Wanafunga kamba." Yohani akasema, "Basi usipige kelele tena, utakauka koo."

Mama Eufrazia anaomba mume wake aachiwe hata kwa dhamana ili awepo siku ya kuondoa matanga. Mimi si mtu wa kuomba jambo polisi. Nasema tu niliyoyaona: Mzee Gaspar alikuja kutafuta watu, na alikata waya ili asikike.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimeyatoa kwa hiari, bila kutumwa na yeyote kati ya pande hizi mbili. Nimesomewa, nimeelewa, naweka sahihi yangu.

Sahihi: N. Bukuru

Maelezo ya mpokeaji:
Mimi WP Koplo Hana nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kwa Kiswahili, lugha ambayo shahidi anaielewa, na nimemsomea yote. Shahidi ameomba neno moja lisahihishwe. Mahali nilipoandika kwamba Gaspar Kazumba "alivamia", ameomba lifutwe na liandikwe "alikuja". Nimelifuta mbele yake na wote wawili tumeweka sahihi pembeni. Suala la kibali chake limeandikwa peke yake. Shahidi ameeleza kwamba harudi tena katika chumba cha uani alichokitaja mwanzo. Akihitajika, anapatikana kwa Gaspar Kazumba, Majengo, ambako anasaidia kufukia kisima.