Malkia Aliyekalia Kigoda cha Mama Yangu

Mzee wangu,

Najua hukupenda barua. Ulisema mtu akiwa na neno aliandike kwenye kibao, herufi kubwa, na nafasi ikiisha basi. Langu halitoshi kibao, kwa hivyo vumilia.

Habari za huku kwanza. Karakana yetu hapa Nakuru ingali wazi, ila nusu nimempa fundi wa viatu. Watu siku hizi wanachapisha mabango kwa mashine, unapeleka asubuhi, mchana unachukua. Kule Kikopey, kwenye nyama choma za barabarani, bucha karibu zote zimeweka picha ya mbuzi anayecheka. Wewe ulikataa kumchora huyo mbuzi miaka yote. "Mbuzi gani anacheka akipelekwa kuchinjwa?" Haya, sasa anacheka barabara nzima. Tangu tukuzike kwenu Butere nimechora vibao vinne na geti moja la kanisa. Sikulia matangani. Nilidhani nitalia.

Ninakuandikia kwa sababu ya ukuta wa Subukia.

Mwalimu mkuu mpya wa ile shule alinipigia simu. Ukuta wako unaukumbuka: Waafrika kumi na mmoja waliofanya makubwa, kuanzia langoni hadi choo cha walimu, na mraba wa kumi na mbili mtupu. Alitaka wote wafutwe, wachorwe upya. Mgeni fulani alikuja shuleni, akalinganisha ukuta na simu yake, akacheka. Mfalme wa Mali, yule aliyekwenda Makka na ngamia waliobeba dhahabu, ana sura ya mzee wa posho mill, anayewasagia watu mahindi. Malkia wa Angola, aliyewasumbua Wareno maisha yake yote, amekaa kwenye kigoda cha jikoni.

Mwalimu si mtu mbaya. Ni kijana, ana haraka. Nilimwambia hata hizo sura za kwenye simu zilichorwa na watu ambao hawakuwaona hao wafalme, maana kamera haikuwapo. Akasema, "Sawa, lakini hizo ndizo zinajulikana." Nikakubali kazi. Ndiyo, nilikubali, usinune. Nikikataa angeita mtu mwingine, na huyo angepiga rangi nyeupe ukuta wote kabla ya chai ya saa nne.

Sasa nikuambie jambo ambalo hatukuwahi kulisema, mimi na wewe, miaka kumi na saba katika karakana moja. Yule malkia ni mama yangu.

Ulijua. Siku nilipokuja kuomba kazi, msichana wa Subukia na mfuko mmoja wa plastiki, ulinitazama muda mrefu, kisha ukanipa brashi nioshe. Wakati huo hakukuwa na mwanamke anayechora vibao mjini, na wenzako walikucheka wiki nzima. Hukueleza. Nami sikueleza kwamba sikuletwa na mapenzi ya rangi. Mama alikufa nikiwa darasa la tano. Picha zake zote, hata ya kitambulisho, ziliungua pamoja na nyumba yetu mwaka ule wa fujo za uchaguzi. Uso wake ulibaki mahali pawili tu, kwenye ukuta wa shule na kwenye mkono wako.

Kisa nilikipata kwa shangazi. Ulikuja kuchora kibao cha kiwanda cha kahawa, na siku hiyo kulikuwa na mkutano. Wanaume viti ndani, akina mama wakaambiwa wakae nje kwenye nyasi, na wao ndio waliochuma hiyo kahawa. Mama akarudi nyumbani, akachukua kigoda chake cha jikoni, akakitua mbele kabisa ya mwenyekiti, akakaa. Mkutano uliofuata akaja nacho tena. Na uliofuata. Mwisho wakachoka wao. Ukamwomba akae nusu siku umchore, kwa sababu malkia naye alinyimwa kiti, Wareno wakitaka aketi chini, akamkalia mtumishi wake mgongoni akazungumza nao macho kwa macho. Hiyo ya mtumishi uliikataa. "Mimi sichori mtu amekaliwa." Ukaweka kigoda.

Ndivyo ulivyofanya kazi. Mtu wa zamani asiye na picha hukumtafutia anayefanana naye. Ulimtafutia aliyefanya kama yeye, hata kama ni kidogo. Mzee wa posho mill aliwasagia watu bure mwaka wa njaa, akawa mfalme. Watoto wa Subukia wamesoma historia huku wakisalimia majirani. Labda ni kosa, mimi silioni.

Nikaenda na ndoo mbili za rangi nyeupe, msasa, na brashi yako namba sita. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya mama nikashindwa hata kufungua kopo. Niseme wazi, niliogopa. Umri wangu umeshapita wake, nilimtazama kama mdogo wangu. Shavu limepauka. Mvua imekula sikio moja. Watoto humgusa goti wakienda kwa mtihani, na hapo imebaki plasta tupu.

Ndipo nikakumbuka yule kinyozi wa mtaa wa Bondeni. Alikikataa kichwa nilichomchorea kwenye kibao chake, eti hakifanani na mchezaji mpira aliyemtaka. Ulichukua brashi, uso hukuugusa hata kidogo, ukambadilishia jezi. Kinyozi akarudi akapiga makofi. "Sasa huyu ndiye!" Alipoondoka ukaniambia, "Watu hawaangalii sura, Muthoni. Wanaangalia nguo."

Basi, nikachukua zile picha za simu nikanakili nguo. Mfalme nikamvika taji na kanzu pana. Malkia nikampa ushanga, kitambaa chekundu na taji dogo. Kigoda nikakitupia ngozi ya chui, ingawa miguu yake mitatu inaonekana ukiangalia vizuri. Nyuso zote kumi na moja nilizifufua tu pale rangi ilipokuwa imekufa. Likabaki lile sikio la mama. Silikumbuki sikio lake, nani hukumbuka sikio? Nikaisogeza pikipiki ya mwalimu karibu na ukuta, nikajitazama kwenye kioo chake, nikachora la kwangu. Likamkaa kama lilikuwa pale siku zote. Hapo ndipo nililia, Mzee, nikiwalilia nyote wawili, na brashi mkononi.

Mwalimu alikuja na simu yake akalinganisha mmoja baada ya mwingine. Kwa malkia alisimama sana. "Sasa huyu ndiye," akasema. Niliinama nikajifanya natafuta kifuniko cha kopo.

Wazazi wengine walitaka nikuchore wewe kwenye ule mraba mtupu. Nimekataa. Hukuwahi kumweka mtu ukutani kwa sababu amekufa tu, na kusema kweli ungelalamikia pua. Wewe ukiulizwa mbona mraba huo mtupu ulisema rangi imeisha, nami nimewaambia hivyo hivyo.

Kila mwaka mvua ndefu ikiisha nitakwenda Subukia na brashi yako. Shavu likipauka nitalirudisha, na goti nitawaachia watoto. Kabla sijazeeka nitamwambia mtu mmoja hao kumi na moja ni kina nani kwa kweli, wa zamani na wa hapa, ili naye asiwafute.

Pumzika sasa. Asante kwa kutoniuliza kwa nini nilikuja. Nilikuja kujifunza uso wa mama, na mkono wangu umeshaujua.

Muthoni