Meno ya Kijani

Alhamisi, Matogoro. Ukungu haujaondoka mlimani tangu asubuhi, na manyunyu yanakuja na kukatika. Nimevaa sweta mbili na bado nasikia baridi. Leo moyo wangu ni mzito, ndiyo maana naandika.

Agnesi, binti yetu wa kwanza, hakula. Amekunywa uji vijiko vichache, akageukia ukutani. Nilikaa miguuni pake nikasali rozari, matendo ya uchungu ingawa leo si siku yake, na katikati nikapotea, sikujua tena niko tendo la ngapi. Mungu anisamehe.

Baba yake alikuwa barazani, anapaka rangi msumeno.

Mume wangu ni seremala. Ufundi aliufundishwa misheni akiwa kijana, akafanya kazi karakana ya ushirika mpaka ilipofungwa. Baada ya hapo biashara ikawa huria, mjini vikajaa viti vya plastiki, na fundi wa mbao akabaki na kazi moja tu. Majeneza. Miaka hii vijana wanavyokwenda, kila mtu anajua, hakuna anayeutaja ugonjwa. Watu walikuwa wanafika na mbao begani hata hatujanywa chai. Na kwetu fundi hakatai msiba. Akiwa na msumeno na mikono yake mizima, ananyanyuka.

Halafu akatokea kijana mmoja wa Dar es Salaam, akaona msumeno wa zamani umetundikwa barazani, ule wa mpini wa mbao uliochongwa. Akamwambia, fundi, uchore picha, wageni wa hotelini wanapenda kuning'iniza ukutani. Mume wangu alikuwa na mkono wa kuchora tangu misheni. Akaanza. Milima yetu hii, kanisa na kengele yake, mama na mzigo wa kuni. Chini, kwenye meno, anapaka kijani, meno yanakuwa majani.

Lakini kabla ya kupaka anachukua tupa, anayafuta makali meno yote, moja moja.

"Yasije yakamkata mgeni," aliniambia.

Nikaamini. Amefanya hivyo kwa misumeno yote, hata ule aliopewa na mapadre, ambao mpini wake umelika kwa kufuata kiganja chake. Huo ndio aliokuwa nao leo, ameuchorea kuku na vifaranga. Agnesi alipoonyeshwa alicheka kidogo, akasema, "Baba, kuku wako ananenepa kutuzidi sisi."

Leo mchana akaja Baba Fidelis, mzazi mwenzetu wa Mshangano, amelowa, anasukuma baiskeli iliyofungwa mbao. Tumsifu Yesu Kristo, akasema. Milele amina, tukaitika. Mke wake amefariki alfajiri.

Mume wangu hakuweka brashi chini. "Pole sana, ndugu yangu. Msumeno sina."

"Na huo ulioshika?"

"Hii ni picha. Nenda mjini, siku hizi majeneza yanauzwa yaliyo tayari, yana vishikio vinavyong'aa."

Baba Fidelis akamtazama. "Yule mama alikupikia ugali siku zote ulipotupigia kenchi za paa. Leo unamtuma dukani."

Kisha macho yake yakaenda kwenye dirisha la chumba cha Agnesi. Hakusema kwa ubaya, alisema kwa sauti ya chini kama mtu aliyechoka.

"Na siku ya kwako, fundi, utakata kwa brashi?"

Akageuza baiskeli, akashuka nayo kwenye utelezi.

Nilitaka kumkasirikia. Nikamtazama mume wangu badala yake, nikaona brashi inatetemeka juu ya kifaranga, na hapo ndipo nilipoelewa. Hakufuta yale meno kwa ajili ya wageni.

Aliyafuta kwa ajili ya Agnesi.

Maana fundi hawezi kumwachia mtu mwingine amkatie mbao mtoto wake. Itakuwa kama amemtupa. Alitaka siku ile ikija iikute nyumba haina msumeno. Labda itarudi ilikotoka.

Nimeishi naye miaka mingi, yapo maneno ambayo ukiyasema huwezi kuyarudisha. Nikaingia ndani kwa mgonjwa. Muda kidogo nikasikia sauti nje, kali, ya kumtia mtu ganzi ya meno. Agnesi akafungua macho.

"Baba anafanya nini?"

"Anapaka rangi," nikasema. Rozari iko mkononi, na nikadanganya.

"Mama." Alivuta pumzi. "Hiyo siyo brashi. Ni tupa."

Nilisahau ni mtoto wa nani. Alipokuwa shule ya msingi, yeye ndiye aliyekuwa anamshikia baba yake misumeno wakati wa kuinoa.

"Mwambie aubane msumeno," akasema. "Unalia hivyo kwa sababu haujabanwa vizuri."

Akafumba macho.

Nikatoka. Alikuwa amekaa na ule wa kuku, ameulaza magotini, anahangaika. Nikaokota vipande viwili vya mbao, nikalibana bapa lake katikati, karibu na meno, nikakandamiza kwa mikono yote miwili kama alivyokuwa anafanya mwanangu. Kelele ikatulia. Hakuniangalia. Majani ya kijani yakawa yanadondoka kwenye khanga yangu, na chini yake chuma kikaanza kung'aa.

Alipomaliza aliufunga kwenye gunia, akasema anamfuata Baba Fidelis Mshangano, mazishi ni kesho. Akaondoka kwa miguu kwenye manyunyu.

Khanga sijaikung'uta bado.

Sijaacha kuomba Agnesi apone, na sitaacha. Ila jioni hii nimeongeza ombi moja ambalo sikuwahi kudhani nitaliomba. Mkono wa baba yake usitetemeke.