Udi na Mwanga wa Manjano

Kilimani, Nairobi
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limetulia sasa mvua zimekatika. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila kibaridi cha huku kimeniingia mifupani. Kaka Ridhwan naye hajambo. Duka lake la mjini linakwenda, na ameota kitambi ingawa hataki kuambiwa. Yeye ndiye atakayekuletea barua hii Ijumaa akija Mombasa. Najua utauliza kwa nini niandike na simu ipo. Kuna neno ambalo kwenye simu ulimi wangu umelikataa, kwa hivyo vumilia, nitalifikia.

Nilipokuja huko nyumbani uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, ukanikanya nisikujibu "mashine" tu. Basi, katika maabara yetu ya Muthangari tunaunda leza, yaani mwanga mwembamba unaokwenda moja kwa moja bila kutawanyika. Zile za zamani za mwanga wa manjano zilitumia maji yenye sumu. Yetu inatumia fuwele, vipande vigumu vidogo kama tembe za dawa. Mwanga wa kijani tuliupata mwaka jana. Wa manjano ni mkaidi, kwa sababu mianga miwili isiyoonekana kwa macho lazima ikutane ndani ya fuwele moja ndipo ipatikane manjano. Watafiti wa malaria wanautaka, maana rangi wanayoitia kwenye chembe za damu huwaka vizuri ikipigwa na manjano. Tena wanataka leza isiyokula umeme mwingi, iweze kwenda kwa betri stima ikipotea, na huko mashinani waliko hupotea sana.

Shida yetu ilikuwa mwanga haukai. Asubuhi ulikuwa mkali, kufika adhuhuri umefifia. Mkuu wetu, Dakta Waringa, mama mmoja mwenyeji wa Kinoo asiyecheka ovyo, alilaumu joto, akalaumu stima, mwisho akamlaumu Muema, fundi mwenzangu, kwa mafuta anayojipaka mikononi. Maskini Muema akaacha mafuta, mikono ikapauka kama ya mpiga chokaa, na mwanga ukazidi kufifia.

Kisha nikaja nyumbani kwa Idi. Wiki yote niliyokuwa nikila biriani yako, leza ilitulia. Niliporudi tu, ikaanza vituko vyake. Muema akanitania kwamba mashine imenikataa kama bibi harusi aliyelazimishwa. Nilicheka, lakini moyo uliniuma, kwa kuwa Dakta Waringa hakucheka. Alisema watafiti wa malaria wanakuja Alhamisi, na mwanga usipokaa, meza yangu atapewa mwingine, mimi niende ofisini nikaandike ripoti. Mama, kusoma kwangu kote kulikuwa kwa ajili ya meza ile.

Nikavitoa vioo vya leza nikavitazama kwa hadubini. Vilikuwa na utando wa kahawia, na pale mwanga unapopita, utando umeungua. Nikalivua koti langu la kazi nililolivalia juu ya buibui, nikalinusa kwa ndani. Nikajua.

Ili nihakikishe, nilivisafisha vioo nikaweka mtandio wangu karibu navyo ndani ya kisanduku cha leza. Adhuhuri mwanga ukaanguka. Nikautoa, nikasafisha tena, kesho yake nikaja na nguo zilizofuliwa upya. Mwanga ukakaa.

Neno lenyewe ndilo hilo. Ni udi wako, Mama, huo unaoupika mwenyewe kwa sukari na marashi na miski. Uliponiruhusu kuja Nairobi ulinipa sharti moja, kwamba nguo zangu zisiache kunukia kwetu, nami nililishika. Kila asubuhi nilitandaza buibui na mtandio juu ya moshi wa chetezo, hata siku moja Mwau, mlinzi wa ghorofa, akapanda mbio na ndoo ya mchanga. Kumbe kile kilichobaki kitambaani nilikwenda nacho kazini, kikatua kwenye vioo, mwanga ukakichoma. Sasa nimeacha. Uliponiuliza juzi kama kopo linakaribia kwisha nikasema ndiyo, nilikudanganya. Halijaguswa tangu siku ile.

Dakta Waringa nilimweleza yote. Akamwomba Muema radhi, kisha akaniuliza kama ninaweza kumpa udi kidogo ampelekee mamake.

Alhamisi watafiti walikaa mpaka alasiri, na mwanga haukutikisika. Meza imebaki yangu. Watu walipokuwa wakipeana mikono, nikainua mkono wa buibui nikaunusa. Haukunukia chochote. Nikaenda kujifungia msalani nikalia, maana nilijiona kama mtoto asiye na kwao.

Usinikasirikie. Nisalimie Waridi, mwambie mimi dadake harusini kwake sikosi, ruhusa nimeshapewa. Wasalimie na majirani wote wa Kibokoni. Nami siku hiyo nikibisha hodi, chai ingoje. Nifukize kwanza.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mahira